Chupa Zisizo na Kasoro

Kila alipofika mwisho wa mshono, fundi aliinama, akauvuta uzi mpaka midomoni na kuukata kwa meno ya mbele. Mkasi ulikuwapo, umening'inia kwenye msumari pembeni mwa dirisha, lakini mkasi ulitaka mkono unyooshwe, na meno yalikuwa karibu zaidi. Cherehani ilinyamaza, uzi ukakatika, cherehani ikaendelea. Hivyo ndivyo asubuhi zake zilivyokwenda, na mtu aliyekaa naye kwa muda angeweza kusinzia kwa mdundo ule.

Asubuhi hiyo uzi haukukatika. Ilisikika sauti ndogo, kama mtu amekanyaga ganda la yai chumba cha pili, na juu ya sketi ya shule aliyokuwa akiipinda, kwenye kile kitambaa cha bluu iliyokolea, pakawa na chembe nyeupe. Fundi alidhani ni kipande cha kifungo. Akaiokota kwa ncha ya kidole na kuigeuza dirishani, ikapitisha mwanga kama kioo. Ndipo ulimi wake ukapanda taratibu kwenda kupeleleza, ukakuta ukingo mkali mahali ambapo jana palikuwa laini.

"Vipi, umejidunga?" aliuliza mteja aliyekuwa akiingoja sketi ile, ameketi kwenye kiti cha mbao karibu na mlango.

"Hapana. Jino."

"Jino? Limekatwa na uzi?" Mteja akacheka mpaka kiti kikalia. "Basi uzi huo usinishonee, fundi, utamkata mwanangu kiuno!"

Fundi akacheka naye, lakini kwa mkono mdomoni. Ili kuficha mshtuko akachukua chupa ya soda iliyokuwa kando ya cherehani na kupiga funda. Ubaridi ukamwingia kwenye jino, ukapanda mpaka nyuma ya jicho. Chumba kikawa cheupe kwa muda, kitambaa cha bluu kikaelea, na sauti ya mteja ikamfikia kwa mbali, kama ya mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa.

Chupa ile ilikuwa rafiki yake wa kazi. Aliifungua mara mumewe alipotoka kwenda zamu, nayo ikamfikisha mchana, funda moja kwa kila mshono. Ilipokwisha alikwenda bombani na mswaki wake wenye nywele ngumu, akasugua meno palepale, kwa nguvu, mpaka fizi zikawaka. Mama yake alimlea hivyo, asiache sukari ilale mdomoni. Wanawake wa mtaa walimtania kwamba ana meno ya maonyesho, naye moyoni alikubali.

Siku hizi, akijitazama kwenye kioo, aliyaona yamekuwa ya manjano kidogo, na nchani yamekuwa membamba. Alidhani hajasugua vya kutosha. Akaongeza nguvu.

*

Daktari wa meno alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini, sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza na watu wasioweza kujibu. Alimlaza fundi kwenye kile kiti kirefu, akawasha taa, akatazama kwa muda mrefu bila kugusa kitu.

"Unapenda kunyonya ndimu?"

Fundi akatikisa kichwa.

"Kiungulia? Kutapika mara kwa mara?"

Hapana tena.

"Soda?"

Fundi alitaka kucheka, ila mdomo ulikuwa tayari wazi. Kwake swali hilo lilikuwa sawa na kuulizwa kama nyumba yao ina paa.

"Mume wangu yuko kiwanda cha soda," alisema alipopewa nafasi. "Kila mwisho wa juma wanapewa kreti moja moja."

"Na unainywaje?"

"Kwa mdomo, daktari."

Daktari akacheka puani. "Nauliza, unaimaliza kwa mpigo mmoja au kidogo kidogo?"

"Kidogo kidogo. Sina tamaa mimi. Chupa moja inanipeleka mpaka mchana." Alipoona uso wa daktari umebadilika, akaongeza upesi, kama mtu anayeleta shahidi wake: "Lakini nasugua! Nikimaliza tu, hapohapo nasugua. Sijawahi kuacha sukari mdomoni, hata siku moja."

"Hapohapo?"

"Chupa haijakauka."

Daktari alivuta kiti chake akaketi, magoti yao yakawa karibu. Hakukuwa na lawama usoni mwake, na hilo ndilo lililomtisha fundi.

"Sukari ni habari ya meno kutoboka," alisema. "Haya yako hayajatoboka, yamelika. Soda ina asidi, hata ile wanayosema haina sukari. Asidi inailainisha enameli, yaani ile ngozi ngumu ya juu ya jino. Ukiiacha, mate yanaiosha, na ngozi inakazana tena polepole. Ukiwa unapiga funda kila mara, mate hayapati nafasi. Na ukija na mswaki mgumu wakati bado imelainika..." Hakumaliza. Alipitisha kidole juu ya meza yake kama mtu anayefuta vumbi.

Fundi alikitazama kidole kile. Aliziona asubuhi zake zote pale bombani, mkono ukienda na kurudi kwa bidii, povu jeupe likishuka na maji.

"Kwa hiyo nimeyafuta mwenyewe."

"Hukujua."

"Yataota tena?"

"Enameli haioti. Nitakuzibia hapo palipovunjika, na yaliyobaki tutayalinda. Kunywa maji. Kama soda imekushinda kuiacha, inywe na chakula uimalize, usukutue kwa maji, na mswaki usubiri saa nzima. Tena uwe laini." Akanyanyuka kuandaa vifaa vyake, kisha akageuka. "Nyumbani kuna mwingine anayekunywa hivyo?"

Fundi alimwona binti yake kama vile ameingia chumbani. Wiki zile meno yake mawili makubwa ya mbele yalikuwa yanachomoza, na ncha zake zilikuwa na mawimbi, kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi wa zigizaga. Mtoto alikuwa akimwonyesha kila mtu, hata fundi bomba.

"Ana meno mapya," alisema.

"Meno mapya huwa bado hayajakomaa," alisema daktari. "Asidi inayapata kwa urahisi."

*

Kiwandani mumewe walimwita Taa. Kazi yake ilikuwa kuketi mbele ya ubao wenye mwanga mweupe na kuzitazama chupa zikipita juu ya mkanda, shingo baada ya shingo, zinang'aa na kugongana kidogo kama watu wanaosalimiana. Yenye ufa aliitoa. Yenye uchafu, au iliyomeguka mdomo, aliitoa. Wenzake walisema Taa anaweza kuuona ufa ambao chupa yenyewe haijaujua.

Alirudi mchana, akala, akajinyoosha kitandani. Usingizi ulipomchukua, mkono wake wa kulia uliinuka wenyewe, ukashika kitu hewani, ukakiweka kando kwa upole, ukashuka. Fundi alikuwa na tabia ya kuketi ukingoni mwa kitanda na kuutazama mkono ule. Pazia lilijaa upepo na kupungua, mwanga ukawa wa kijani ukutani, na kwake ilikuwa kana kwamba chupa kweli zinapita mle chumbani, kimya, na mume wake amelala katikati anawalinda watu asiowajua.

"Leo nimetoa moja ilikuwa na kigae ndani," alimwambia alipoamka. "Kidogo hivi. Ingemkata mtoto wa mtu koo."

"Mungu akupe macho," alisema fundi, mkono mdomoni.

Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake, naye aliijua. Maneno yalikuja mpaka kwenye meno, yakasimama. Atamwambia nini? Kwamba kigae alichokitoa si kitu? Mshahara wa Taa ulikuwa mdogo na ulikuja umeshakatwa huku na huku, lakini kreti ilikuja nzima. Aliibeba begani kutoka kituoni akipita katikati ya mtaa, na watu walimpisha. Mgeni hakuondoka nyumba ile bila chupa. Kreti ndiyo iliyomfanya aingie mlangoni kifua mbele.

Basi fundi akaanza kutafuta visingizio. Leo tumbo lina gesi. Leo koo. Kesho yake akasema amekunywa tayari. Mswaki ule mgumu aliutupa, akanunua laini, na mtoto akimaliza soda yake alimwita pembeni asukutue maji, kana kwamba ni mchezo. Alipozungumza, kiganja kilipanda chenyewe. Alipocheka, aligeukia ukuta.

Wifi yake, dada mkubwa wa Taa, aliyeishi nao na kuona kila kitu, alimkabili wakifua nguo.

"Wewe una mimba."

"Wifi!"

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Soda hutaki, unaziba mdomo, juzi nimekuona unatoka hospitali unatembea kama umebeba mayai. Ya miezi mingapi?"

"Nilikwenda kwa daktari wa meno."

"Haa!" Wifi akakung'uta shuka mpaka maji yakamrukia fundi usoni. "Siku hizi mimba inaingilia kwenye meno?"

Jioni Taa aliketi na binti yake mlangoni. Kwa sababu ya kinywa chake, wifi alimpachika mtoto jina la Pengo, naye aliitika kwa fahari. Walikuwa na desturi yao: baba anafungua chupa, mtoto anaweka sikio kwenye shingo yake na kusikiliza mapovu.

"Baba, leo inasema nini?"

"Inasema kesho kutwa kuna wageni." Taa akainua sauti ili mkewe asikie kule ndani. "Wamenichagua! Familia ya mfanyakazi, kwenye kalenda ya kampuni. Mimi, mama, na huyu mwenye pengo. Wanakuja kupiga picha hapahapa nyumbani, sote tunakunywa, sote tunacheka."

Wifi akapiga makofi. "Basi umekwisha, mdogo wangu. Utaning'inia ukutani mwaka mzima, na mtu akikasirika na mkewe anakupindua!"

Fundi alitoka, akasimama mlangoni. Mume wake alimtazama kutoka chini alipoketi, na uso wake ulikuwa wa kijana aliyemjua zamani.

"Unafurahi?" aliuliza.

"Nafurahi," alisema fundi nyuma ya kiganja.

*

Afisa wa matangazo alikuwa kijana nadhifu, viatu vyake vilisita kizingitini kabla ya kukubali kuingia. Mpiga picha alikuja nyuma yake, mtu mnene mcheshi, akasogeza meza, akalipeleka kochi dirishani, akalifunika tundu lake kwa kitambaa bila kuomba ruhusa. Kreti mbili mpya ziliwekwa katikati ya chumba. Mwanga ulizipita chupa ukatandaza rangi ya chungwa sakafuni, na wote mle ndani walionekana kama wamesimama ndani ya maji matamu.

Fundi alikuwa ameshona nguo za watatu wote kwa kitambaa kimoja. Zilipendeza. Hata afisa alisema zimependeza.

"Haya, baba yuko safi. Mama, chupa juu. Cheka kidogo."

Fundi akatabasamu, midomo imefungwa.

"Mama, hii ni ya kalenda, si ya kitambulisho. Onyesha meno!"

Akajaribu. Midomo ikafika nusu, ikarudi yenyewe.

"Anaona haya," alisema Taa, akicheka kwa niaba yake. "Mke wangu ana meno mazuri sana. Nyinyi subirini tu."

Maneno hayo yalimkata maini. Mpiga picha alipiga, akatazama, akapiga tena, akamnong'oneza afisa, na afisa, kwa ile sauti ya watu wanaodhani wananong'ona, akasema, "Mama anatuharibia. Amevimba kama kalazimishwa. Mtoe, tubaki na baba na mtoto."

"Mama, pumzika kidogo hapo pembeni," alisema mpiga picha kwa upole.

Fundi akasogea, akasimama karibu na cherehani yake. Taa hakugeuka. Alikuwa bado anatabasamu kuelekea kamera, lakini mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama chini ya kola.

Ikawa zamu ya mtoto.

"Kunywa, mrembo. Usimeze! Ishike mdomoni, nione mashavu. Safi. Sasa meza, ucheke. Aa, mapovu yamekwisha. Lete nyingine."

Chupa nyingine ikafunguliwa, kisha nyingine. Pengo aliyapenda yote hayo. Alikishika kinywaji mdomoni, mashavu yamejaa, macho yanacheka. Kila alipofungua kinywa, yale meno mawili mapya yalikuwa yamelowa rangi ya chungwa, na mawimbi yake madogo yaling'aa. Fundi aliyatazama. Kelele za chumba zikamwondokea moja baada ya nyingine. Alisikia tu mapovu, sauti ya vitu vingi vidogo vinavyokula taratibu.

"Ishike tena, mrembo. Kwa muda mrefu zaidi."

Hakujiona akitembea. Alishtukia yuko katikati ya mwanga, mbele ya kamera, na chupa ya mtoto iko mkononi mwake, na soda imemwagikia gauni jipya.

"Basi," alisema.

"Mama?" alisema afisa.

"Mtoto amechoka."

"Sijachoka!" alilia Pengo.

"Mpe mtoto chupa," alisema Taa polepole.

"Hapana."

"Nakuomba. Mbele ya watu."

"Hapana, baba," alisema fundi.

Wifi alitokea mlango wa nyuma na kijiko mkononi. Afisa akajipangusa kiatu kwa leso, mahali ambapo hapakuwa na doa. "Si neno," alisema. "Tuna familia nyingine. Wao wako tayari." Wakakusanya taa zao. Wakachukua na kreti.

*

Wifi alimchukua mtoto akamtoa nje, akimwambia hadithi kwa sauti kubwa isiyo na mpangilio. Kochi lilibaki dirishani, limekaa upande. Taa aliketi juu yake na nguo yake mpya, mikono katikati ya magoti.

"Sema tu," alisema. "Unanionea aibu."

"Siyo hivyo."

"Basi ni nini? Ninacholeta hunywi. Nikizungumza nawe unaziba mdomo kama ninanuka. Ukicheka unaugeukia ukuta. Leo hukutaka hata sura yako ikae na yangu kwenye karatasi." Sauti yake haikupanda, ilizidi kushuka. "Najua kazi yangu. Kutazama chupa. Si kazi ya kumsimulia mtu. Lakini nilidhani wewe unaiona."

Fundi hakuwahi kufikiri jinsi mkono wake unavyoonekana kwa mtu aliye upande wa pili. Siku zote zile alidhani anamfichia maumivu, kumbe alikuwa akimpa mengine. Akaketi kando yake, kwenye mwanga. Akaushusha mkono mapajani, akaushika kwa mwenzake usipande tena, akafungua mdomo.

Taa alitazama kwanza kama mume aliyekasirika. Kisha akainamisha kichwa, akakunja macho, akasogea. Aliona palipozibwa. Aliona unjano, na ncha zilizokonda, na jinsi mwanga wa dirisha ulivyopita ndani yake. Alikuwa mtu wa kuona vitu kama hivyo. Hakuhitaji kuelezwa kwamba kitu kimelika. Akainua kidole, hakuthubutu kugusa.

"Nani kakufanyia hivi?"

Nje mtoto alikuwa ameanza kucheka.

"Soda," alisema. "Ile nzima, safi, uliyoitazama ukaipitisha. Ina asidi, imekula meno yangu funda kwa funda, na mimi nikamalizia kwa mswaki kwa kujidai msafi. Daktari amenieleza. Nilishindwa kukuambia, kwa sababu wewe unakaa pale siku nzima kuwatolea watu kibaya, nami nikuambie kibaya kimo kwenye zile nzuri? Nikasema bora nikae kimya. Meno yangu yalikuwa ya kwangu. Lakini ya mtoto ndiyo kwanza yanaota, na hayaoti mara mbili."

Taa alifunika uso kwa viganja. Kutoka nyuma ya viganja alisema, "Sasa nikirudi nitaingia na nini humu ndani?"

Fundi alivishika viganja vile, akaviondoa kimoja kimoja. Alikuwa akilia, na mdomo wake ulikuwa wazi, meno yote nje, naye hakuyaficha.

"Ingia mikono mitupu," alisema. "Kila siku nikisikia mlango, moyo unanienda mbio, na haujawahi kwenda mbio kwa ajili ya kreti. Ninayemngoja ni wewe."